MBOGA MBICHI NA MBOGA ZA MKEBE: IPI HUUFAA MWILI ZAIDI?

Katika maduka ya miji ya Kenya mikebe ya mboga hupangwa rafuni kwa safu nadhifu, kila mmoja ukiwa na picha ya njegere, karoti, nyanya au mahindi machanga yenye rangi nzuri kuliko ile ya shambani. Hatua chache kutoka mlango wa duka hilo hilo, chini ya kivuli cha gunia, mafungu ya sukuma wiki, mchicha, mnavu na kunde huwekwa chini yakingoja mnunuzi. Mwenye mshahara mdogo na watoto wengi hana budi kuchagua, na mara nyingi huchagua kwa kutazama picha, au kwa kufuata maneno ya jirani, wala si kwa kujua.

Maneno ya majirani ni ya namna mbili. Wako wasemao kwamba chakula cha mkebe ni bora kwa kuwa kimetengenezwa kiwandani na watu wenye elimu, na kwamba mboga za majani ni chakula cha mtu asiye na fedha. Wako na wengine wasemao kwamba chakula cha mkebe ni mfano wa maiti: kimekaa mwaka mzima gizani, hakina uhai wala faida, na alaye hujaza tumbo tu. Maneno yote mawili yana upungufu. Aaminiye la kwanza hupoteza fedha, na watoto wake hukosa mboga iliyo karibu naye. Aaminiye la pili huenda akatupa chakula chema, au akanunua majani yaliyonyauka siku nne akidhani kwamba amenunua afya. Basi yafaa jambo hili litazamwe kwa utulivu, hatua kwa hatua.

ASILI YA MKEBE

Elimu ya kuhifadhi chakula ndani ya chombo kilichofungwa ilianza Ufaransa. Nicolas Appert, mtu aliyekuwa akitengeneza peremende na vitu vitamu, alitia vyakula katika chupa za kioo, akaziba kwa vizibo, kisha akazichemsha katika maji kwa muda mrefu. Chakula kile hakikuoza. Mwaka 1810 Serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba atachapisha njia yake ili watu wote waijue, naye akafanya hivyo. Mwaka ule ule Peter Durand alipata hati ya Serikali ya Uingereza juu ya kutumia vyombo vya bati badala ya kioo, na mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin na John Hall kule London kilikuwa kikitengeneza vyakula vya mikebe kwa ajili ya askari na mabaharia. Mikebe ya wakati ule ilikuwa mizito, nayo ilifunguliwa kwa nyundo na tindo, kwa maana kifaa cha kuifungulia hakikuwa kimebuniwa bado.

Jambo la ajabu ni kwamba Appert mwenyewe hakujua sababu ya chakula chake kutooza. Alidhani kwamba ni kwa kuwa hewa haikuingia. Sababu ya kweli ilielezwa na Louis Pasteur, Mfaransa mwingine, katika miaka ya 1860, alipoonyesha kwamba uozo huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba moto huviua. Mkebe, basi, hufanya kazi mbili: moto huviua vijidudu vilivyomo, na bati lililofungwa sawasawa huzuia vingine visiingie. Ndiyo sababu chakula cha mkebe hakihitaji dawa ya kukifanya kisioze.

MAMBO YANAYOTENDEKA KIWANDANI

Mboga inapofika kiwandani huchaguliwa, huoshwa na kukatwa. Kisha hutumbukizwa kwa dakika chache katika maji ya moto, au hupitishwa katika mvuke. Kusudi la moto huu wa kwanza ni kutuliza vimeng'enya, yaani vitu vilivyomo ndani ya mmea ambavyo huendelea kufanya kazi hata baada ya mmea kuchumwa, na ambavyo hubadilisha rangi, ladha na nguvu za mboga. Baadaye mboga hutiwa mikebeni pamoja na maji, ambayo mara nyingi huwa na chumvi. Hewa hutolewa, kifuniko hukazwa, na mikebe huingizwa katika pipa kubwa la chuma lenye mvuke wa nguvu, ambamo joto hupanda kupita lile la maji yanayochemka. Kwa mboga zisizo na ukali wa asili, kama njegere, maharagwe na karoti, joto la digrii 121 za Sentigredi ndilo kipimo kinachojulikana sana.

Msomaji mwenye busara ameona tayari mahali pa hasara. Mboga hii imepita katika maji ya moto mara moja, ikapikwa kwa joto kali mara ya pili, kisha ikakaa ndani ya maji mpaka siku ya kuliwa. Kila kitu kiogopacho moto, na kila kitu kiyeyukacho majini, lazima kipungue.

KINACHOPOTEA NA KINACHOBAKI

Kiogopacho moto na maji kuliko vyote ni vitamini C. Hiki ndicho kitu ambacho kukosekana kwake huleta ugonjwa wa kiseyeye, ambao ufizi huvimba na kutoka damu, majeraha hayaponi, na mwili hulegea. Mwaka 1747 James Lind, mganga wa meli ya kivita ya Uingereza, alichagua mabaharia 12 waliougua ugonjwa huo, akawagawa wawili wawili, akawapa dawa mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua jina la kitu kilichomo katika matunda yale. Neno lenyewe vitamini lilitungwa na Casimir Funk mwaka 1912.

Mfano wa njegere, ambazo wengi katika Kenya huziita minji, waonyesha hesabu waziwazi. Gramu 100 za njegere mbichi zilizochumwa karibuni zina miligramu 40 hivi za vitamini C. Njegere za mkebe, zikiisha kumwagwa maji yake, zina miligramu 10 hivi. Kwa mtazamo wa kwanza hasara ni kubwa mno: robo tatu imekwenda. Lakini ni watu wachache walao njegere bila kuzipika. Njegere zile zile mbichi zikichemshwa jikoni hubakiwa na miligramu 14 hivi. Kwa hiyo tofauti ya kweli, katika sahani, si kati ya 40 na 10, bali ni kati ya 14 na 10. Mkebe umeshindwa, lakini haukushindwa kwa mbali kama ilivyodhaniwa. Maana sufuria ya nyumbani nayo ni mwizi, wala haisemwi.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa yashughulikayo na afya na chakula yameshauri kwamba mtu mzima apate miligramu 45 za vitamini C kila siku. Ni wazi kwamba atakayetegemea njegere za mkebe peke yake hatafika hapo. Lakini akiongeza chungwa moja, au pera, au papai, atavuka kiasi hicho bila taabu. Tena vitamini C ina faida nyingine: huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka, ambayo ni ya lazima kwa kutengeneza damu.

Vitamini za kundi la B, hasa B1 na ile iitwayo foleti ambayo mama mja mzito huihitaji sana, nazo hupungua kwa moto na kuyeyuka majini. Lakini si kila kitu hupotea. Madini, kwa mfano chuma na kalsiamu, hayaunguzwi na moto. Yaliyotoka katika mboga yamo katika maji ya mkebe. Nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo kufanya kazi yake hubaki karibu zote. Protini hubaki kwa sehemu kubwa. Karotini, ile rangi ya manjano ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ambayo imefichwa pia ndani ya majani ya kijani, haiyeyuki majini, kwa hiyo haitoki kwa wingi. Tena mkebe ukiisha kufungwa, yaliyomo hubadilika polepole sana kwa miezi mingi, mradi umehifadhiwa mahali pasipo na joto kali.

MBOGA MBICHI NAYO HUZEEKA

Sasa yafaa kuitazama mboga mbichi bila upendeleo. Mboga iliyochumwa haijafa. Huendelea kupumua, kutoa maji na kutumia akiba yake, kama msafiri aliyekatiwa njia ya kurudi nyumbani, ambaye hula masurufu yake mpaka yaishe. Jua, upepo na michubuko huzidisha mwendo huo.

Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, Marekani, walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya mboga mbichi, za barafu na za mkebe, wakayalinganisha. Njegere zilipoteza karibu nusu ya vitamini C yake katika siku moja au mbili za kwanza baada ya kuchumwa. Spinachi iliyowekwa mahali penye joto la digrii 20 kwa siku 7 ilikuwa imepoteza karibu vitamini C yote. Hata iliyowekwa ndani ya friji ilipoteza robo tatu hivi katika muda huo huo. Na digrii 20 si joto kali: katika soko la Mombasa au la Kisumu saa sita za mchana joto hupita hapo kwa mbali.

Hapa ndipo neno mbichi linapowadanganya watu. Mchicha uliochumwa alfajiri kando ya nyumba na kupikwa adhuhuri ni kitu kimoja. Mchicha uliochumwa juzi, ukasafiri usiku kucha juu ya lori, ukamwagiwa maji ili uonekane hai, ukakaa juani kutwa, kisha ukapelekwa nyumbani ukangoja kesho kutwa, ni kitu kingine, ingawa wote huitwa mbichi. Kwa upande wa pili, viwanda vingi hujengwa karibu na mashamba, na mboga hutiwa mkebeni katika saa chache baada ya kuvunwa. Hasara ya mkebe hutokea mara moja siku ya kwanza, kisha husimama. Hasara ya mboga ya sokoni huanza kidogo kidogo, lakini haisimami.

Kwa hiyo swali la kweli si mboga hii ni mbichi au ni ya mkebe. Swali la kweli ni: imechumwa lini, imetunzwaje, na imepikwaje?

NYANYA HUSHINDA KWA KUPIKWA

Iko mboga moja ambayo mkebe haukuishusha, bali kwa jambo moja umeipandisha. Nyanya ina rangi nyekundu iitwayo laikopini, ambayo wataalamu huihesabu miongoni mwa vitu vinavyokinga mwili. Katika nyanya mbichi rangi hiyo imeshikwa kwa nguvu ndani ya nyama ya tunda. Moto huifungua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mwili huchukua laikopini kwa urahisi zaidi kutoka katika nyanya iliyopikwa na kusongwa, kama ile ya mkebe, kuliko kutoka katika nyanya mbichi. Tena nyanya ina ukali wa asili unaoilinda vitamini C yake kwa kiasi fulani, na ukali huo huo hufanya isihitaji moto mkali sana kiwandani.

Hali ya karoti na majani ya kijani yafanana na hiyo. Kupika kidogo hulainisha mboga, na karotini hutoka kwa urahisi. Lakini karotini haiingii mwilini ipasavyo bila mafuta. Kijiko kidogo cha mafuta, maziwa, au karanga zilizopondwa hutosha kuisaidia. Wazee waliotia maziwa au samli katika mnavu na mgagani hawakuwa wakitafuta utamu tu. Walifanya lililo sawa kabla ya sababu yake kuandikwa vitabuni. Jambo hili si dogo, maana mtoto akosaye vitamini A kwa muda mrefu huanza kushindwa kuona vizuri jua likichwa, na akiachwa hivyo macho yake huweza kuharibika kabisa.

CHUMVI ILIYOFICHWA

Ubaya mkubwa wa mboga nyingi za mkebe si kile kilichotolewa bali ni kile kilichotiwa. Njegere zitokazo shambani hazina chumvi ya kutajika. Za mkebe zilizotiwa chumvi huwa na zaidi ya nusu gramu ya chumvi katika kila gramu 100. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na kiasi hicho huhesabu chumvi yote: ya mkate, ya mchuzi na ile inyunyizwayo mezani. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, ugonjwa ambao hauna maumivu siku za kwanza, lakini huweza kuleta kiharusi na kuharibu moyo na mafigo.

Dawa yake ni rahisi. Mnunuzi asome maandishi ya ubavuni mwa mkebe, atafute ule usiotiwa chumvi wala sukari. Akiukosa, amwage maji ya mkebe na kuisuuza mboga katika maji safi. Kwa maharagwe ya mkebe, kufanya hivyo kwaweza kupunguza chumvi kwa asilimia 40 hivi. Ni kweli kwamba sehemu ya vitamini na madini huenda pamoja na maji hayo. Lakini kwa mtu mwenye shinikizo la damu biashara hiyo ina faida. Ikiwa mkebe hauna chumvi, maji yake yasimwagwe, bali yatiwe katika mchuzi.

MBOGA ZA KWETU

Mkulima wa Kenya asisahau kwamba hazina yake iko mlangoni. Mwaka 1931 ilichapishwa ripoti ya John Boyd Orr na J. L. Gilks juu ya chakula na afya ya Wakikuyu na Wamasai. Miongoni mwa mambo waliyoyaona ni kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani ya mboga kuliko wanaume wao, na kwa hiyo walipata kalsiamu zaidi. Mboga iliyodharauliwa mezani pa wanaume ilikuwa ikiwafaa wake zao.

Dharau hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Mchicha, mnavu, mgagani na kunde ziliitwa magugu, au chakula cha wakati wa njaa, nazo kabichi na njegere zikapewa heshima ya mgeni. Katika miaka ya baadaye wataalamu wa Kenya, na miongoni mwao Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wamefanya kazi kubwa ya kuzichunguza mboga hizi na kuzirudishia heshima yake. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina zaidi ya miligramu 200 za kalsiamu na zaidi ya miligramu 40 za vitamini C. Kwa kalsiamu, kabichi haiukaribii mchicha. Mtu auzaye mchicha wake wote ili apate fedha ya kununua mkebe wa njegere amebadilisha ng'ombe kwa mbuzi.

SUFURIA YA NYUMBANI

Lakini mboga njema huweza kuharibiwa katika nusu saa. Wengi hukata majani kwanza, kisha huyaosha. Utomvu wake hutoka na kwenda na maji. Wengi huyachemsha katika maji tele, wakayamwaga maji hayo, wakachemsha tena. Wengine hutia magadi ili majani yalainike upesi na kubaki na rangi ya kijani. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini C na vitamini B1. Mboga hupendeza macho huku ikiwa imenyang'anywa.

Njia iliyo bora haina gharama. Majani yaoshwe yakiwa mazima, yakatwe makubwa wakati sufuria iko tayari, yatiwe katika maji machache yanayochemka, yafunikwe, yaive upesi, kisha yaliwe mara moja. Yale machungu, yanayohitaji kuchemshwa kwanza, yatiwe maziwa badala ya magadi. Mboga iliyopikwa asubuhi na kupashwa moto jioni hupoteza tena. Na atumiaye mboga ya mkebe akumbuke kwamba imekwisha kupikwa. Yatosha kuipasha moto tu. Akiichemsha upya kwa muda mrefu ataondoa hata kile kidogo ambacho kiwanda kilikiacha.

HATARI ISIYOPASWA KUFANYIWA MZAHA

Chakula cha mkebe cha viwanda vyema ni salama. Hata hivyo kuna kijidudu kimoja ambacho mbegu zake hukaa udongoni, nazo haziuawi na maji yanayochemka. Mahali pasipo hewa, penye unyevu na pasipo ukali, kijidudu hicho huamka na kutengeneza sumu kali mno iletayo ugonjwa uitwao botulizimu. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope zake huanguka, ulimi huwa mzito, kumeza humshinda, na asipopelekwa hospitali upesi pumzi yake huweza kukatika. Ndani ya mkebe ulioharibika, kijidudu hicho hupata kila kitu kikipendacho.

Kwa hiyo mkebe uliovimba, unaovuja, ulioliwa na kutu mpaka ndani, au uliobonyea vibaya penye kiungo, usinunuliwe hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa. Ukifunguliwa na kuruka povu au kutoa harufu mbaya, usionjwe hata kwa ncha ya ulimi. Utupwe mahali ambapo watoto na wanyama hawatafika. Mkebe mwema uliofunguliwa, chakula chake kihamishiwe katika chombo kingine safi na kufunikwa. Pasipo friji, kiliwe siku ile ile.

Kuna na onyo kwa wale wanaotaka kufunga mboga katika chupa nyumbani. Katika nchi za juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Nairobi huchemka kwa digrii 94 hivi, na penye mwinuko zaidi huchemka kwa joto la chini zaidi. Mtu aliyeko Limuru au Nyahururu aweza kuchemsha chupa za maharagwe kutwa nzima, na mbegu za kijidudu hicho zisife. Kazi hiyo yahitaji sufuria ya mvuke wa nguvu na mtu aliyefundishwa kuitumia. Asiye navyo aache.

SHAURI KWA MKULIMA

Mkulima ana haki ya kuuliza: ikiwa mboga hupungua nguvu kila saa, afanye nini yeye aliye mbali na soko? Achume alfajiri, kabla ya jua kuinyausha. Asiirundike katika magunia yaliyoshindiliwa, kwa maana joto hukusanyika katikati na michubuko huongezeka. Aiweke kivulini mara moja. Wako wakulima waliojenga kibanda kidogo chenye kuta za wavu zilizojazwa makaa, ambayo humwagiwa maji. Maji yanapokauka kwa upepo, ndani hupoa, na mboga hukaa muda mrefu zaidi pasipo stima. Mwenye majani ya kunde mengi kuliko awezayo kuuza na ayakaushe kivulini, si juani, kwa sababu jua huiharibu karotini. Vitamini C itapungua sana, lakini madini na protini zitabaki kwa miezi ya kiangazi.

Kuhusu viwanda, eneo lililokuwa Mkoa wa Kati lina kumbukumbu yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya kukaushia mboga viliwekwa Karatina na Kerugoya ili kulisha majeshi, na wakulima wa huko wakalima viazi, kabichi na karoti kwa wingi. Vita vilipokwisha viwanda vile vilifungwa, na soko lile likatoweka. Fundisho lake halijachakaa. Kiwanda ni rafiki mwema wakati wa mavuno mengi, nyanya zinapooza mashambani kwa kukosa mnunuzi. Lakini alimaye kwa ajili ya mnunuzi mmoja tu, pasipo kuacha hata tuta moja kwa ajili ya chungu cha nyumbani, amefunga chakula cha watoto wake katika mfuko wa mtu mwingine.

HUKUMU

Kama mboga imechumwa leo na kupikwa leo kwa maji machache, hakuna mkebe uwezao kuishinda, wala hakuna haja ya kutoa fedha kununua kitu kilicho duni kuliko kile kilichoko bustanini. Kama mboga ya sokoni imekaa siku nyingi, au mtu yuko mahali pakavu ambapo lori la mboga hufika mara moja kwa juma, mkebe usiotiwa chumvi si aibu. Ni chakula cha kweli, chenye nyuzinyuzi, madini na karotini, kinachohitaji kusaidiwa na tunda moja tu. Nyanya za mkebe zaweza kutumiwa bila wasiwasi wowote. Na kwa karani anayeishi katika chumba kimoja mjini, debe kuukuu lililojazwa udongo na mbolea, likapandwa mche mitatu ya sukuma wiki na kuwekwa penye jua, litampa majani yasiyohitaji lori wala picha ya rangi.

Alaye bora asiulize chombo kwanza. Na aulize siku ngapi zimepita tangu kisu kilipogusa shina, halafu autazame moto wa jikoni kwake.